Kwa nini wanaacha injini zisizokufa na kutuletea hizi za sensa (vihisio vya umeme) kila kona?

#1 Nyundo ya Makambako
Wakuu salaam.

Kazi yangu ni ya barabarani: Njombe, Makete, Ludewa, kote huko. Kwa miaka mingi nimeshika Land Cruiser mkonga yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Ile injini unabadilisha oili na filta kwa wakati, unaangalia maji, unaondoka. Haina turbo, haina komoni reli (ule mfumo wa kupuliza dizeli kwa presha kubwa na kompyuta), na ikizingua fundi wa kijijini anaifungua chini ya mti na jioni unaendelea na safari. Sasa kila ofisi ninayopita naona inahamia kwenye magari mapya. Taa ya injini ikiwaka tu, gari linapunguza nguvu lenyewe, unabaki mlimani kusubiri mtu aje na kompyuta.

Dai langu: watengenezaji waligundua kwamba injini isiyokufa inawaharibia soko, wakaiondoa makusudi. Mtu mwenye gari la miaka 30 atarudi dukani lini? Mwenye sababu nyingine aiweke hapa.

#2 Mzee wa Spea
Hujakosea. Niko Kariakoo, nauza spea kila siku, na soko linaongea. Zamani mtu alikuja kutafuta plagi, pointi na kofia ya distributa, vitu vya hela ndogo. Leo anatafuta sensa ya oksijeni, sensa ya hewa, koili nne (kila silinda na yake). Vyote vya umeme, na hakuna unachoweza kukitengeneza. Ni kutoa na kuweka kingine. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

#3 Tairi la Pembeni
Nimevuta kiti mbele kabisa. Watu wa mkonga na watu wa IST wakikutana humu hapalaliki.

#4 Pampu na Nozo
Mleta uzi, turekebishe jambo moja kwanza. 1HZ haikuuawa. Ilitoka 1990, silinda sita kwa mstari, cc 4,164, na zaidi ya miaka 30 baadaye bado ilikuwa inafungwa kwenye Land Cruiser 70 mpya za masoko kama letu. Yale magari meupe ya UN na mashirika ya misaada, mengi yanapitia kwa msambazaji aliyeko Gibraltar anayehudumia mashirika hayo. Japani gari hilo liliondoka sokoni 2004, Australia 1HZ ikapisha V8 ya dizeli 2007. Kwa hiyo walioondolewa 1HZ ni wao, siyo sisi. Hoja ya "waliiua" ina tobo hapo.

Sasa nieleze ninachokiona mezani, maana kazi yangu ni pampu. Nozo (kipuliza dizeli) ya 1HZ naifungua kwa spana, naifunga kwenye mashine ya mkono, navuta mpini huku naangalia geji na namna inavyopuliza. Ikitoa matone badala ya ukungu, nabadilisha ncha. Ikifungua mapema, naongeza shimu (kisahani chembamba) juu ya springi. Imeisha, naosha mikono.

Injekta ya komoni reli ni habari nyingine. Ndani kuna vali inayofunguliwa kwa umeme mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja, presha kwenye injini za sasa inafika bar 2,000 na kupita, na nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo kuliko unene wa unywele. Tone la maji au vumbi laini linatosha kuikwangua. Ukifunga mpya, kwenye nyingi kuna kodi (namba maalumu) imeandikwa kichwani pake ambayo lazima uiingize kwenye kontrolo boksi (kompyuta ya injini), la sivyo injini inatetemeka. Nimeshapokea injekta za gari moja la kazi, nne zote zimekufa kwa pamoja. Nikamwambia dereva afungue koki iliyo chini ya filta ya dizeli. Yalitoka maji kwanza, yakaendelea kutoka, ndipo dizeli ikaonekana. Yeye alikuwa anajaza kwa madumu ya barabarani. 1HZ ingekohoa kidogo na kuendelea.

#5 Mbali na Nyumbani
Niko Ujerumani, kwenye kazi za vipimo vya moshi wa injini. Naona mnazunguka mbuyu. Sababu kubwa ni sheria.

Viwango vya moshi vya Ulaya vinaitwa Euro: Euro 1 ilianza 1992, Euro 3 mwaka 2000, Euro 4 2005, Euro 5 2009, Euro 6 2014. Kwa dizeli, hatua baada ya hatua, masizi na oksaidi za naitrojeni zinazoruhusiwa zimekuwa zikishuka. 1HZ inawashia dizeli kwenye chemba ndogo ndani ya hedi (kichwa cha injini) kabla moto haujashuka kwa pistoni. Mfumo huo hauhitaji presha kubwa, ndiyo maana pampu na nozo zinaishi sana. Lakini joto jingi linapotelea kwenye kuta za ile chemba, mafuta yanaliwa zaidi, na pampu ya kimekanika haikupi uwezo wa kuamua kwa usahihi lini dizeli iingie na kiasi gani. Komoni reli inakuruhusu kupuliza kidogo, kisha kingi, kisha kidogo tena, yote ndani ya mlipuko mmoja. Bila hilo Euro 5 unaisikia redioni.

Halafu kuna CO2. Ulaya ilipanga wastani wa gramu 95 kwa kilomita kwa magari mapya kuanzia 2020, na kila gramu inayozidi lengo la kampuni ni faini ya euro 95 kwa kila gari lililouzwa. Kampuni ikiuza magari milioni moja na kuzidi gramu 2 tu, inadaiwa euro milioni 190. Hapo hata mhandisi anayeipenda injini ya zamani kwa moyo wote hana la kumwambia mhasibu. Na msidhani ni rahisi kukwepa: Volkswagen waliweka programu ya kuvidanganya vipimo, ikafichuka Septemba 2015, magari kama milioni 11 duniani yakahusika.

#6 Kasuku wa Nyali
Ndugu yangu wa Ujerumani, hayo ni ya huko kwenu. Swali la mleta uzi ni kwa nini sisi tunayavaa. Hapa Kenya gari la mtumba likizidi miaka 8 halishuki bandarini. Maana yake injini ninayoendesha leo Mombasa ilichaguliwa na mtu wa Osaka aliyetaka gari kimya, lisilokula mafuta, akaliuza kabla halijafika kilomita laki moja. Mtengenezaji alimuwaza yeye. Mimi niliyelipokea na kulipeleka Lamu na Garsen hakuniwaza kabisa, na hana sababu ya kuniwaza maana sijawahi kumlipa hata senti. Pesa yangu ilikwenda kwa mwenye yadi.

Hiyo ndiyo sababu yangu. Siyo njama, ni kwamba mteja wake si mimi.

#7 Dada wa Njia Panda
Nyundo, nakuheshimu kaka yangu, ila nyie watu wa mkonga mnasahau haraka.

1NZ ilipoingia nchini ndani ya Vitz, IST na Premio, mafundi waliilaani hadharani. Wakasema injini ni 5A, bloku ya chuma, hii ya aluminiamu ikichemka mara moja unatupa. Leo nani anaitukana 1NZ? Angalia Probox zinazobeba mkaa, nyanya na abiria juu ya abiria. Tena ina cheni, wakati 5A ilikuwa na taimingi belti ambayo usipoibadilisha kwa wakati inakuacha njiani. Japani nao walianza kuiacha 1NZ. Mwaka 2015 Axio na Fielder za huko zikaanza kupewa 2NR, na mafundi walewale waliotukana 1NZ wameanza kuililia. Kila kizazi cha injini kikifika mnakiita takataka, kikiondoka mnakiita chuma.

#8 Tairi la Pembeni
Dada kaja na nyundo kubwa kuliko ya Makambako 😂

#9 Pampu na Nozo
Dada, kwa 1NZ sina neno, nakuunga mkono. Lakini siyo kila injini mpya ilikuja kusafishwa jina. D4 imefika hapa miaka mingi na bado mtu akisikia Noah ina 1AZ-FSE anauliza kama kuna ya 3S, ile Noah ya zamani. Kwenye D4 petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Faida yake ni ulaji mdogo. Hasara ni kwamba mafuta hayapiti tena nyuma ya vali za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, kaboni inajijenga pale mpaka silensa (muungurumo wa injini gari likiwa limesimama) inayumba.

Na 1ZZ za mwanzo, zile za cc 1,800. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na machache, yakiziba kwa kaboni injini inaanza kula oili. Toyota wenyewe walikuja kubadilisha pistoni. Kwa hiyo watu waliolalamika hawakuwa wajinga, walikuwa na gari mkononi.

#10 Kitabu Wazi
Mnaokataa makusudi, someni historia ya balbu. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu duniani yalikutana Geneva yakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Wakakubaliana balbu ya kawaida isiwake zaidi ya saa 1,000, na kiwanda kilichotengeneza ya kudumu zaidi kilitozwa faini. Hiyo haikuwa hadithi ya kijiweni, nyaraka zipo. Sasa kama waliweza kwa balbu, injini itawashinda nini?

#11 Mbali na Nyumbani
Kitabu Wazi, Phoebus ni kweli kabisa. Lakini ilihitaji washindani wote wakubaliane, na vita vya 1939 viliuvunja umoja wao. Kwenye magari, siku Toyota akitengeneza injini ya kufa haraka, Honda na Hyundai wanakula soko lake kesho yake.

Tena tazama magari yenyewe. Zamani mita nyingi za kilomita zilikuwa na tarakimu tano, zikifika 99,999 zinarudi sifuri, maana wachache walitarajia gari livuke hapo. Leo Marekani wastani wa umri wa magari yaliyo barabarani umepita miaka 12, na mengi ni hayohayo ya sensa. Kama wanataka yafe, wamefeli vibaya.

#12 Mzee wa Spea
Mkuu, gari la Marekani linaishi miaka 12 kwa sababu lina lami, dizeli safi na fundi mwenye mashine ya laki tano za dola. Lilete Tunduru tulihesabie.

#13 Nyundo ya Makambako
Nimesoma wote. Pampu na Nozo, hiyo ya kuendelea kutengeneza 1HZ inanipa nguvu zaidi. Kama inawezekana kuuza injini ile miaka 30 na watu wakaipanga foleni, basi hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Waliiweka kando ya dirisha, ukiwa na pesa za shirika unaipata, mwananchi wa kawaida apewe ya kompyuta. Mbali na Nyumbani anasema sheria. Sheria ya Brussels inanihusu nini mimi wa Makambako? Kasuku amekaribia, ila anawaonea huruma sana hao watengenezaji.

#14 Mtambo wa Bloku
Nafanya kazi karakana ya kuchonga bloku na kusaga krankishafti, niongeze upande wa kiwandani ambao hamjaugusa.

Bloku ya injini inachongwa kwenye msururu wa mitambo: hapa inatobolewa, pale inasawazishwa uso, mbele silinda zinapitishwa honi (kusuguliwa kuta zake). Mitambo ile inagharimu pesa nyingi mno, na nayo inachakaa. Ikifika mwisho, mwenye kiwanda ana mawili tu: aifufue kwa ajili ya injini ya zamani ambayo nusu ya masoko haiingii, au aweke mipya kwa ajili ya injini itakayouzwa kila mahali. Anayeweza kuchagua la kwanza awe na sababu nzito.

Halafu kuna kufanana. Chukueni injini ya Toyota M20A ya cc 1,987 yenye silinda nne, na M15A ya cc 1,490 yenye silinda tatu, iliyoanza na Yaris ya 2020. Kipenyo cha silinda milimita 80.5, mwendo wa pistoni 97.6, vilevile kwa zote mbili. Ondoa silinda moja kwenye M20A umepata M15A. Kiwanda kinabuni chumba kimoja cha kuunguzia na kukirudia. Linganisheni na enzi za 3S, 5A, 1G, 1JZ, kila moja na vipimo vyake, stoo yake na mafundi wake. Mimi napenda 1G hadi kesho, ila ningekuwa mwenye kiwanda ningefanya walichofanya.

#15 Dada wa Njia Panda
Mtambo wa Bloku, hapo umenifundisha. Asante. Swali: hizo ringi nyembamba za pistoni za siku hizi zikoje? Naambiwa ndizo zinaleta ulaji wa oili.

#16 Mtambo wa Bloku
Ringi za zamani zilikuwa nene na zinabana ukuta wa silinda kwa nguvu. Msuguano mwingi, ulaji wa mafuta juu. Ili kushusha ulaji walizipunguza unene na mkazo, na oili nayo ikawa nyepesi, 0W-20, hata 0W-16. Zikiwa safi zinafanya kazi vizuri mno. Zikipata kaboni zinaganda kwenye mfereji wake na oili inapita. Kwa hiyo kila unapoongeza muda wa kubadilisha oili kwenye injini hizi unaikaribisha hiyo shida. 5A ilikuwa inavumilia uzembe huo.

Na msiende upande wa pili mkaweka oili nzito ya trekta kwenye injini inayotaka 0W-20 mkidhani mnailinda. Kuna vitu vya VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka) vinaendeshwa na presha ya oili hiyohiyo kupitia vitundu vidogo.

#17 Bin Matrah
Assalamu alaykum. Huku Oman hadithi ni tofauti kidogo. Petroli ilikuwa rahisi miaka mingi, kwa hiyo Land Cruiser zetu nyingi ni za petroli. Mabedui walikuwa na 1FZ, ile sita ya cc 4,500, inapanda mchanga wa Sharqiya huku imepakia ngamia nyuma. Ikaja 1GR, V6 ya cc 4,000. Wazee wakanuna. Leo wajukuu zao hawataki kusikia jingine zaidi ya 1GR.

Ila juzi Land Cruiser 300 ilipokuja 2021 ikaondoa V8 na kuweka V6 yenye turbo mbili, hapo hata vijana walinuna. Na 2024 Toyota waliita magari kama laki moja Marekani, Tundra na Lexus LX zenye injini ya familia hiyo, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani wakati wa kuchonga. Mtambo wa Bloku, hilo ni la upande wako, siyo la ubunifu wa injini. Wengi hawatofautishi.

Anayetafuta injini za zamani aje Sharjah. Kuna mitaa mizima ya spea za mtumba, 1HZ na 1FZ zimepangwa chini zimefunikwa turubai, na wanunuzi wengi ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Bei nazo zinapanda kila mwaka, msiseme sikuwaambia.

#18 Mkaazi wa Stendi
Samahani, naingia na jambo ambalo wanaume wa injini mmelipita.

Mimi nimekulia jirani na stendi. Moshi wa mabasi ya dizeli ya zamani yakipashwa moto alfajiri ulikuwa unaingia hadi chumbani, ukifuta dirisha kitambaa kinatoka cheusi. Mdogo wangu ana pumu mpaka leo. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, pamoja na vitu ambavyo vimethibitika kusababisha saratani. Mnapoisifu injini "isiyokufa", mhesabu na anayekufa pembeni yake.

Gavana wa Tokyo, Ishihara, mwaka 1999 alijitokeza mbele ya waandishi na chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli ndani, akawaonyesha wananchi wanachovuta. Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yakapigwa marufuku Tokyo na mikoa jirani. Wao walipochoka nayo, yalikwenda wapi?

#19 Kasuku wa Nyali
Dada, umegonga penyewe. Yalikuja kwetu. Prado na Surf za dizeli ya 1KZ zilijaa bandarini miaka ile kwa sababu Japani kulikuwa na sheria ya moshi iliyozuia dizeli za zamani kusajiliwa upya mijini kama Tokyo, Osaka na Nagoya. Sisi tukasema Mungu ametujalia magari magumu. Kumbe ni wenyewe walikuwa wanasafisha mapafu yao.

#20 Pampu na Nozo
Na hiyo 1KZ inayosifiwa ndiyo inajulikana dunia nzima kwa kupasuka hedi ikichemshwa. Mnakumbuka zilizobaki. Zilizopasuka hedi zilikatwa vyuma chakavu kitambo, hakuna anayepiga nazo picha. Hata 300Tdi ya Land Rover, za mwanzo taimingi belti ilikuwa inakaa upande na kujila. Wenye Land Rover mpo humu?

#21 Shoka la Iringa
Tupo, na tunawasikia. 300Tdi ilikuja 1994, 1998 kwenye Defender ikapisha Td5 yenye kompyuta kwa ajili ya hizohizo Euro. Belti ya 300Tdi ilipatiwa kifaa cha kurekebishia na baada ya hapo hakuna kesi. Yangu inapanda Kitonga na mzigo, inateremka, inapanda tena.

#22 Tairi la Pembeni
Inapanda Kitonga saa ngapi na inafika juu tarehe ngapi mkuu?

#23 Shoka la Iringa
Inafika. Ndiyo nilichoahidi.

#24 Kitabu Wazi
Kuna jambo halijasemwa: nguvu. 1HZ ina cc 4,164 na inatoa nguvu farasi 130 hivi, na mvuto wa Nm 285. 1GD ya cc 2,800 wanayoiweka sasa kwenye Land Cruiser 70 inatoa farasi 204 na Nm 500. Ulaji wake ni mdogo. Anayenunua gari jipya anaendesha siku moja kujaribu, halafu anasaini. Hiyo siku moja 1HZ haishindi. Uimara unajulikana baada ya miaka 10, wakati risiti imeshafifia. Nani atalipia kitu ambacho hakionekani siku ya kununua? Bado nasimama na makusudi, ila naona soko nalo linawasaidia.

#25 Mbali na Nyumbani
Hiyo ya nguvu nakubali ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Pia gari lenyewe limekuwa zito: mifuko ya hewa, nguzo za kukinga ajali, viyoyozi. Injini ya zamani ndani ya bodi ya leo ingekuwa inasukuma ukuta. Wakati mwingine wala siyo injini iliyokufa. Kombi ya Volkswagen ilimaliza safari yake Brazil 2013 kwa sababu sheria ilidai mifuko ya hewa na breki za ABS, na bodi ile haikuweza kuvipokea kwa gharama inayoeleweka.

#26 Mvuvi wa Kivu
Nawasalimu kutoka Bukavu. Nyinyi mnajadili kama hobi, kwetu ni jambo la kufika au kutofika. Barabara ya kwenda Shabunda wakati wa mvua, gari likizima hakuna kompyuta wala mtandao wa kuagiza injekta. Mashirika yaliyojaribu kuleta za komoni reli mengine yamerudi kwenye 1HZ. Mimi sina shida na hewa safi ya Tokyo, na dada wa #18 namwelewa. Ila aliyeweka sheria Ulaya anafunga hata mlango wangu, kwa sababu mtambo ukisimama unasimama kwa wote. Mtambo wa Bloku amelieleza vizuri. Hapo ndipo ninapoona uchungu. Hakuna njama, na hakuna aliyetuuliza.

#27 Nyundo ya Makambako
Mvuvi, hapo umesema nilichotaka kusema tangu #1.

#28 Pampu na Nozo
Lakini mambo mawili. La kwanza, dizeli yetu imebadilika. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo kwenye vituo vya kueleweka mafuta yenyewe hayana shida ya zamani. Shida imebaki kwenye madumu na matenki yenye maji. La pili, siyo kila kitu cha zamani kimetupwa. 2TR, petroli ya cc 2,700, iko kazini tangu 2004, ina cheni, na Land Cruiser 250 ya 2024 bado inauzwa nayo huko kwao Japani. Injini ikifikia viwango na ikiuzika, hawaigusi.

#29 Mzee wa Spea
2TR sina ugomvi nayo. Haininunulii chakula 😂

#30 Kijana wa Mbezi
Wakuu shikamooni, nimejifunza sana humu. Niko kwenye kuagiza Prado ya 2016 kutoka Japani na nimekwama kati ya dizeli ya 2.8 na petroli ya 2.7. Nakaa Mbezi, kazini Posta, mwezi mara moja naenda Moshi. Niende na ipi?

#31 Dada wa Njia Panda
2.7 mdogo wangu, ulale usingizi.

#32 Bin Matrah
2.7 kwenye Prado ni nzito kupanda. Ukishazoea 2.8 hutaitaka.

#33 Mbali na Nyumbani
Kijana, sikiliza kabla ya kulipa. 1GD ya soko la Japani ina filta ya masizi kwenye ekzosi, na ina tanki la urea (kimiminika cha kusafishia moshi). Filta inajisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na hilo linataka mwendo mrefu bila kusimama. Foleni ya Morogoro Road asubuhi na jioni haikupi hiyo nafasi, itabidi safari ya Moshi ndiyo ikuokoe. Urea nayo ikiisha na ukizima injini, gari haliwaki tena mpaka uijaze. Uliza kwanza unaipata wapi kwa bei gani.

#34 Pampu na Nozo
Na akikwambia fundi "tunaitoa hiyo filta, tunaziba na urea, tunaandika upya kontrolo boksi", muulize ameshafanya ngapi za 1GD na mwenye gari mmojawapo akupigie simu. Nimepokea mbili zilizoharibiwa programu hivyo, zote ziliingia kwangu kwa kuvutwa.

#35 Mkaazi wa Stendi
Usitoe filta, tafadhali. Kuna watu wanaishi kando ya hiyo Morogoro Road.

#36 Kijana wa Mbezi
Nimewasikia. Pampu na Nozo, hiyo koki ya chini ya filta ya dizeli kwenye Prado iko upande gani, na inafunguliwa kila baada ya kilomita ngapi? Nataka nijue hata kabla sijaamua.